Shuka la Tatu

Juzi usiku mwanangu wa pili, ambaye ana umri wa miaka 3, aliamka saa nane akiwa ametapika kitandani. Nilimbeba, nikamvua nguo, nikamwosha, nikatandika shuka jingine, na kabla sijamaliza kuchomeka pembe ya mwisho chini ya godoro akatapika tena, safari hii akiharisha pia. Shuka la pili halikumaliza nusu saa. La tatu nililitandika saa tisa na robo, kisha nikaketi sakafuni kando ya kitanda nikiwa na kijiko cha chai na kikombe cha ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayopewa anayeharisha, kwa sababu mtoto anayetapika hanyweshwi kwa mkupuo: akitapika unasubiri dakika 10, halafu unaanza upya polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili tatu, mpaka tumbo litulie. Maji nilikuwa nimeyapima mara mbili, nikihofia kwamba kwa usingizi niliokuwa nao ningekosea lita 1 inayotakiwa kwa pakiti, na mchanganyiko ukizidi chumvi humdhuru mtoto badala ya kumsaidia.

Kwenye kijiko cha saba au cha nane aliusukuma mkono wangu, na maji yakamwagika juu ya shuka lile la tatu.

Hasira ilinipanda ghafla mpaka nikahisi joto masikioni. Nilimwambia "Basi!" kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mgeni wala jirani aliyenikosea, naye akanitazama tu, midomo imemkauka, hana hata nguvu ya kulia. Niliweka kijiko chini, nikatoka hadi ukumbini, nikaegemeza paji la uso ukutani na kusimama hapo kwa muda, huku mikono yangu ikinuka matapishi na sabuni. Kisha nikarudi, nikampangusa kidevu, tukaendelea na kijiko kilichofuata.

Nimejifungua mara mbili, na uchungu wa kuzaa naukumbuka vizuri, lakini nikiulizwa ni lipi gumu zaidi katika kulea sitautaja. Nitataja ile dakika ya ukumbini. Matapishi huoshwa, shuka hufuliwa likakauka, usingizi nao hulipwa kidogo kidogo. Kumkasirikia mtoto mgonjwa, ambaye hana kosa lolote na ambaye ningempa figo yangu bila kuulizwa mara mbili, ni jambo ambalo sikujua pa kulipeleka, wala sikuwahi kulisikia likizungumzwa pale wanawake walipokusanyika kunipongeza kwa uzazi.

Nililionja kwa mara ya kwanza kwa mtoto wa kwanza, alipokuwa na wiki 6. Huo ndio wakati ambao kilio cha watoto wengi wachanga hufikia kilele, kabla ya kupungua kadiri wanavyokaribia miezi mitatu minne, ila mimi sikulijua hilo, nikadhani maziwa yangu yana kasoro au mwenyewe sina kipaji cha umama. Alinyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, kama ilivyo kawaida ya mtoto wa umri ule; damu ya uzazi ilikuwa haijakatika kabisa, na chuchu zangu zilikuwa zimepasuka kiasi kwamba nilipomsikia akianza kulia nilikunja vidole vya miguu kabla hata ya kumnyanyua. Muuguzi mmoja aliketi nami akatazama mtoto akinyonya, akaona kwamba anashika ncha ya chuchu peke yake; akanionyesha kusubiri mpaka kinywa kipanuke sana, ndipo nimsogeze ili kidevu kiguse titi na aingize pia sehemu kubwa ya ile duara nyeusi. Ndani ya siku chache maumivu yalipungua sana.

Muuguzi huyo huyo aliniambia jambo la pili, tena bila kulipunguza makali. Alisema siku nitakapohisi kwamba nimefika mwisho, nimlaze mtoto chali mahali salama, nifunge mlango, nitoke dakika chache nivute pumzi na nimwite mtu, kwa kuwa kumtikisa mtoto mchanga, hata mara moja, kunaweza kumwumiza ubongo au kumwua. Wakati ule nilitahayari, nikijiuliza ameona nini usoni mwangu. Sasa naamini alikuwa akimwambia hivyo kila mama aliyepita mbele yake, na ningependa wauguzi wote wafanye vivyo hivyo.

Watu husema "nani kama mama". Ni maneno ya upendo, nami nimemwambia mama yangu mzazi mara nyingi nikimaanisha kila neno. Lakini juzi usiku mume wangu aliamka akaja kusimama mlangoni, akauliza, "Nikusaidie nini?" nami nikamjibu, "Lala tu." Nilikuwa nimechoka hadi kutetemeka, na bado nilimrudisha kitandani. Nimelifikiria jibu hilo kwa siku mbili nzima. Kumweleza shuka safi ziko wapi, kijiko kinatolewa kila baada ya muda gani, na mtoto ametapika saa ngapi mara ya mwisho, kulionekana kazi kubwa kuliko kuifanya mwenyewe. Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu, pamoja na tarehe ya chanjo, kiatu kinachombana mkubwa, na kucha zinazohitaji kukatwa. Hilo ni kweli. Ila kulikuwa na jingine chini yake, nalo ni kwamba nilitaka niwe mimi. Nimesifiwa kwa kuwa mtu asiye na mfano mpaka nikaona aibu kumpa mwingine kijiko, kisha nikamkasirikia mtoto kwa uchovu ambao ningeweza kuugawa.

Jana usiku alipoanza tena kulalamika tumbo nilimwamsha baba yake. Sikumweleza mengi. Nilimkabidhi kikombe, nikasema kijiko kimoja kimoja na asiwe na haraka, nikaenda kulala chumba cha pili, ingawa kwa robo saa ya kwanza nilikaa macho nikisikiliza kila mlio wa kijiko kikigonga kikombe. Alimshika mtoto tofauti na ninavyomshika, akamwimbia kwa sauti nzito isiyofuata tuni, na mtoto akanywa.

Asubuhi nilikuta ameandika tarehe kwa kalamu ya wino nyuma ya karatasi ya vidonge vya zinki alivyopewa kwa ajili ya kuharisha, siku zote 10, ya leo akiwa ameshaitia alama. Mtoto aliamka saa moja na nusu, akaniomba maji. Nilipomletea alisema anamtaka baba ndiye amnyweshe, nami nikampa baba kikombe, nikatoka nje kuanika mashuka.