Maji ya Ami yanarukaruka

Ami yangu ni nahodha wa mashua, na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kule Lamu, haupitwi kwa kubahatisha. Maji yakiwa haba, unakwama matopeni ukitazamana na mikoko mpaka yajae tena. Basi nikamtengenezea programu ya kujaa na kupwa kwa Qt, zana za kuundia programu za vifaa mbalimbali, ili msimbo mmoja uende kwenye laptopu yangu na kwenye tableti yake ya bei rahisi.

Kwangu mchoro uliteleza. Ami akautazama kwenye tableti, akasema, "Mwanangu, maji hayaendi kwa kurukaruka kama chura."

Nilinuna. Qt Quick, sehemu ya Qt inayochora skrini, tangu Qt 5 ya mwaka 2012, huchora kwa chipu ya michoro. Qt 6 yaweza kuifikia chipu hiyo kupitia Vulkan, Metal, Direct3D au OpenGL. Nikawasha QSG_INFO=1, mpangilio unaoeleza njia inayotumika kuchora: OpenGL, chipu yenyewe hasa. Sasa?

Kosa langu. Mstari wa maji niliuchora kwa Canvas, turubai ya Qt Quick, ambayo katika Qt 6 hupakwa na prosesa, kisha picha nzima ndiyo hupandishwa kwenye chipu. Nami nilikuwa naipaka upya kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini! Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16 na ushei tu. Na maji yenyewe huchukua kama saa sita kujaa. Haraka ya nini?

Nikajaribu na QSG_VISUALIZE=batches, inayoonyesha vitu vinavyotumwa kwenye chipu kwa mafungu. Mafungu yaliyounganishwa huonekana kwa rangi moja, yasiyounganishwa kwa milia ya mshazari. Kadi zangu za siku zilikuwa milia mitupu, kwa sababu kila moja niliipa clip: true, amri ya kukata kinachotoka nje ya mipaka yake, bila kufikiri kwamba huzuia kadi kuunganishwa. Ni kumtuma punda gatini alete jiwe moja, arudi kwa la pili.

Clip nikaziondoa, nikaibakisha moja ya orodha nzima. Canvas nikaibadilisha kwa Shape, inayochora maumbo kwa chipu, lakini hiyo peke yake haitoshi: ukigeuza umbo la mstari kila fremu, prosesa hulipigia hesabu upya. Kwa hiyo nikalichora la wiki nzima mara moja, nikawa nalisogeza kando tu kwa kubadilisha x yake.

Jioni Ami akaivuta kwa kidole, huku na huku, kimya. Kisha akauliza, "Na leo mwezi ngapi?"

Bamvua lake hulihesabu kwa mwezi mwandamo. Mimi niliweka Jumanne.