Kupima sumu ya mrututu kwa perege, saa 96: nilivyofanya Arusha

Nilitumia mrututu (salfeti ya shaba), uleule unaopulizwa kwenye kahawa dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa, kwa vifaranga vya perege vya gramu 1 hadi 2. Utaratibu ni wa mwongozo namba 203 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo): viwango vitano vya sumu, tangi moja la kulinganishia lisilotiwa kitu, samaki 7 kila tangi, saa 96. Unachotafuta ni LC50, yaani kiwango kinachoua nusu ya samaki. Hesabu zake ni nyepesi. Kinachosumbua Arusha ni maji.

Maji ya miteremko ya Meru yana floridi na bikaboneti nyingi, na bikaboneti hushika shaba. Ukizidisha mrututu utaona ukungu wa kibuluu unatanda tangini, kisha unatua chini kama unga. Shaba iliyotua haimdhuru samaki kama ile iliyoyeyuka, kwa hiyo LC50 uliyoipata kwa maji ya kisima usiipeleke kwenye kijito cha maji laini. Huko kiasi kilekile kitaua zaidi. Mwongozo unataka pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, isizidi 8.5, na visima vingine huku huvuka hapo. Nilichanganya na maji ya mvua yaliyokingwa kwa turubai la plastiki. Ya bati hapana: zinki inayotoka kwenye bati nayo ni sumu kwa samaki.

Kama ni maji ya bomba, ondoa klorini kwa kupuliza hewa siku mbili. Tiosalfeti huiondoa mara moja, lakini hufungana na shaba pia, na utapata samaki wazima ukadhani mrututu hauna neno.

Mrututu wenye fuwele za buluu una shaba takriban robo ya uzito wake. Gramu 3.93 katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa zinakupa miligramu 1 ya shaba kwa kila mililita. Ukiyeyushia kwenye maji ya kisima, mchuzi wenyewe unachafuka kabla hujaanza. Kwa tangi la lita 30, mililita 15, 30, 60, 120 na 240 zinatoa miligramu 0.5, 1, 2, 4 na 8 kwa lita. Anza na jaribio dogo la hatua pana (0.1, 1, 10) ujue pa kulenga. Vyombo viwe vya kioo, visuuzwe kwa asidi ya naitriki ya asilimia 10, na koki za shaba usizikaribie.

Samaki hawalishwi saa 24 kabla wala wakati wa jaribio. Chakula na kinyesi hushika shaba, halafu huzaa amonia, ambayo kwenye maji ya pH ya juu ni kali zaidi. Nilibadilisha maji kila baada ya saa 24, nikipima shaba mwanzoni na mwishoni. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya uliyotia, tumia kiwango ulichopima, si ulichoandika.

Oksijeni isishuke chini ya asilimia 60 ya maji yaliyoshiba hewa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hivyo kwa nyuzi 25 maji yaliyoshiba yana takriban miligramu 7 kwa lita, si 8.3 ya pwani. Kifaa kisiporekebishwa kwa mwinuko kitakudanganya. Mwezi wa Julai usiku ni baridi. Hita na pampu ziwe na betri ya akiba, maana umeme ukikatika usiku mmoja tu tangi la kulinganishia linaanza kupoteza samaki, na wakifa zaidi ya asilimia 10 humo unaanza upya. Tangi likiwa na samaki chini ya 10, kama haya ya samaki 7, ruhusa ni mmoja tu.

Samaki amekufa pale kifuniko cha shavu kimetulia na ukigusa shina la mkia hashtuki. Andika pia wanaopinduka au kuhema juu ya maji. Aliyelala ubavu bila matumaini mmalizie kwenye maji yenye mafuta ya karafuu.

Wote wakipona kwenye 2 na wote wakifa kwenye 4, usilazimishe probiti, ile hesabu ya kuchora mstari wa vifo dhidi ya viwango: chukua kipeuo cha pili cha 2 × 4, yaani cha 8, ambacho ni 2.8.

Maji ya mwisho hayamwagwi mtaroni. Tia chokaa, shaba itatua. Chuja tope ulihifadhi kama taka ya sumu. Mkulima wa kahawa atautambua mchanganyiko huo wa mrututu na chokaa kwa rangi tu.