Thamani ya kazi za fedha, na shilingi inakoishia

Kila Machi, benki zinapotangaza faida za mwaka, swali hurudi: vijana werevu wa Upper Hill na Westlands, mitaa ya Nairobi yenye ofisi za fedha, wanaiongezea Kenya nini zaidi ya mishahara yao? Naona jibu limo katika kazi inayofanywa kabla pesa hazijatoka.

Chukua hati ya Hazina ya siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi kwa serikali. Riba ikiwa asilimia 10 kwa mwaka, benki inalipa shilingi 975,675, na muda ukiisha inapokea milioni moja. Faida ni 24,325 kabla ya kodi. Hakuna mkopaji aliyechunguzwa. Serikali lazima ikope, sawa, lakini kazi hiyo haihitaji ghorofa nzima ya wataalamu.

Sasa aje fundi wa samani wa Barabara ya Ngong, anataka 500,000 anunue mashine ya kuranda mbao. Afisa wa mikopo anasoma taarifa yake ya M-Pesa ya miezi sita, na hapo ndipo wengi huteleza: wanajumlisha kila kilichoingia na kukiita mauzo. Zamu yake ya kupokea michango ya chama imo humo, mkopo wa simu umo, hata pesa alizojitumia kutoka laini nyingine zimo. Lazima ziondolewe moja moja. Kisha afisa aende kibandani, aone oda zilizolipiwa rubuni, yaani malipo ya awali, amuulize muuza mbao kama hulipwa kwa wakati. Ni kazi ya kuchosha, na mkopo wa milioni 50 hauhitaji jasho mara mia ya hilo. Ndiyo maana wadogo huachwa. Sheria iliyowekea riba kikomo kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 ililizidisha tatizo: benki haikuruhusiwa kumtoza mkopaji zaidi ya alama nne za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, basi nyingi zikaegemea hati za serikali na kuwafungia milango wafanyabiashara wadogo.

Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, iliuza hatifungani (hati ya deni ambalo mnunuzi hulipwa riba) ya miaka 10, riba asilimia 12.5, ikapata shilingi bilioni 25 za kujenga mitambo ya umeme. Waliopanga mauzo hayo walifanya kazi ya maana. Hatifungani ikishauzwa tena sokoni, KenGen haipati hata senti, ila bila soko hilo wachache wangekubali kufungia akiba yao muongo mzima.

Kinachoniuma ni ada. Asilimia 1 ya akiba ikikatwa kila mwaka na meneja wa mfuko kwa miaka 30 hula takriban robo ya kile ambacho akiba ya mwaka wa kwanza ingefikia. Mwalimu analipa hiyo kupitia pensheni yake. Meneja akiwa amejaza mfuko hati za serikali ambazo mwalimu mwenyewe angeweza kununua Benki Kuu, wadhamini wa mfuko wamuulize hiyo robo imelipia nini, na wapewe jibu kwa maandishi.