Siku yangu steshenari: daftari la kwenye kompyuta, blogu, na mzee wa mvua

Saa 11 na robo alfajiri

Alamu haijaita lakini jogoo wa jirani ana ratiba yake mwenyewe kwahiyo nishaamka. Uji, chai, sare ya mtoto, soksi moja haionekani kama kawaida, hayo mnayajua siyaelezi. Kabla sijatoka nahakikisha flashi iko kwenye pochi. Pesa naweza kusahau na nikarudia njiani, flashi hapana, maana humo ndo kuna maandishi yangu yote ya miaka sita.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, maeneo ya Kihonda. Kuchapa, kuprinti, kopi, kuskani, passport size, kubaindi ripoti za wanachuo, na kujaza fomu za mtandaoni za watu waliokata tamaa na simu zao. Kompyuta ni dekstopu moja ya mtumba na nyumbani nina laptopu ambayo betri inakaa dakika 40 ukiwa na bahati. Shajara yangu naandikia kwenye programu inaitwa RedNotebook, ni ya bure, na naiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinstoo, asubuhi iko dukani usiku iko nyumbani.

Saa 2 asubuhi

Nafungua duka. Dogo anayenisaidia anafagia, mimi nawasha mashine. Kitu cha kwanza kufungua ni faili moja la Notepad la hesabu za duka. Humo kuna ujanja ambao nashangaa watu wengi hawaujui: mstari wa kwanza kabisa wa faili andika .LOG, nukta halafu herufi kubwa, seivu, funga. Kuanzia hapo kila ukilifungua Notepad yenyewe inaweka saa na tarehe ya leo chini kabisa, wewe unaendelea kuandika tu. Hela ya kuanzia siku, rimu zilizobaki, nani kachukua kwa mkopo. Tatizo ni kwamba kompyuta inasema 8:07 AM na mimi nasema saa 2, na wiki ile dogo alimwambia mteja kitambulisho chake kiliokotwa "saa nane" kwa sababu kasoma kwenye faili, mama wa watu akaanza kukumbuka saa nane mchana alikuwa kwa nani. Tangu hapo naongeza kwa mkono: asb, mch, jio.

Halafu nafungua RedNotebook. Kwa asiyeijua, kushoto kuna kalenda, katikati karatasi tupu ya siku uliyobofya, basi. Siku uliyoandika namba yake kwenye kalenda inakolea. Ukipitisha wiki bila kuandika unaiona wiki nzima imepauka pale inakusuta kimyakimya. Naandika mistari mitatu ya asubuhi, mara nyingi ni malalamiko.

Sasa kwa nini hii na sio zile nzuri nzuri za mtandaoni. Nimelelewa na blogu mimi. Nikiwa sekondari nilikuwa naenda intaneti kafe kusoma, enzi ambazo Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe ndo anatuonyesha kumbe Kiswahili kinakaa mtandaoni bila kuomba ruhusa, halafu 2005 akaja Issa Michuzi na Globu ya Jamii na lile neno lake la "libeneke" ambalo mpaka leo sijui nilitafsiri vipi kwa mtoto wangu. Nikaja kufungua yangu 2012, nikawa naandikia moja kwa moja kwenye tovuti ya bure ya kampuni moja ambayo siitaji. Miaka mitatu ya posti. Kampuni ikafunga huduma, taarifa wakatuma kwenye imeili ambayo nilishasahau paswedi yake, nilipokuja kushtuka hakuna kitu. Hata nakala moja sina. Posti niliyoandika mama alipokuwa anaumwa imeenda na seva yao.

Kwahiyo sahivi sharti langu ni moja tu, maandishi yangu yawe mafaili ninayoweza kuyashika. RedNotebook inaweka kila mwezi faili moja la maandishi matupu, 2024-05.txt, 2024-06.txt, yako tu kwenye folda, hata programu ikifa kesho ntayafungua na Notepad ya babu. Ubaya wake ni huohuo, hayajafungwa kwa paswedi, anayepata flashi anasoma yote.

Na hata asiyepata flashi. Mwezi uliopita nimeacha skrini wazi nikaenda kupokea chenji, mteja mmoja kasimama kaunta anasubiri kopi zake, macho yakaenda kwenye skrini, na kilichoandikwa pale ni kuhusu yeye: "Yule wa viti vya harusi leo ni wiki ya tatu 4,500 haijaonekana, na kanisalimia kwa sauti kama vile yeye ndo ananidai." Hakusema kitu. Alilipa. Ile siku nilijua kuandika shajara kuna faida ya kibiashara, ila sasa nimejizoesha kufunga skrini kwa Windows na L kila nikiinuka.

Saa 4

Wanachuo wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, na ripoti zao za field. Jedwali limekatika, fonti tatu tofauti, namba za kurasa zinaanza na 7. Hapa hakuna hadithi, ni kazi.

Saa 5 na kitu

Mzee wa mvua kafika.

Huyu inabidi nimuelezee. Ni mkulima wa Mgeta, huko juu milimani Uluguru, anashukaga na gari la kabichi. Mwanzoni mwa mwaka alinijia na kaunta buku imefungwa na kamba ya katani, kona zote zimeliwa na mchwa. Nikajua ni barua ya kijiji. Kumbe toka 1987 mzee anaandika kila mvua inaponyesha, tarehe, kubwa au ndogo, shamba limekaaje, na mambo mengine anayotaka mwenyewe. Madaftari matano. Akaniuliza: "Mwanangu, hii ya kwenye kompyuta mchwa hawaili?" Nikamwambia hawaili baba ila ina wadudu wake. Tukakubaliana bei, nikapunguza, akaniletea na viazi.

Nilianza kuchapa kwenye Word nikaona ujinga. Kitu chenye tarehe kwanini nikiweke kwenye kurasa? Nikamfungulia shajara yake mwenyewe ndani ya RedNotebook, folda yake pembeni, kalenda inarudi nyuma mpaka 1987 bila kulalamika. Unabofya tarehe unachapa mstari wake unaenda nyingine. Kosa nililofanya siku za mwanzo ni kusahau kubadilisha shajara, nikachapa mvua zake za mwezi mzima ndani ya yangu, baadaye najiona Aprili 1996 nimeandika "maharage yanaota vizuri" wakati mwaka huo niko darasa la pili sijui hata jembe linashikwaje.

Uzuri wake uliniingia nilipofika mwisho wa 1997. Ile El Niño. Miaka mingine kalenda yake ina namba zilizokolea hapa na pale, vuli kidogo, masika zinajaa, Julai na Agosti patupu. Novemba 1997 zikaanza kukolea, Desemba zikakolea karibu zote, Januari 1998 zote. Sikuhitaji kusoma. Nikamwita dogo aje aone, dogo kazaliwa 2004 anasema "kwani ilikuaje?" nikambofyia siku moja: "Mvua usiku kucha. Kabichi zimeoza. Barabara hakuna." Siku inayofuata: "Mvua." Inayofuata: "Mvua." Nyingine kaandika "Vilevile."

Leo kaleta daftari la nne, 2001 mpaka 2005. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, akakaa kwenye kile kistuli akitazama skrini kama anaangalia mpira. Nikamuomba: baba, nina mahali naandikaga mambo mtandaoni, watu wanasoma, naweza kuandika kuhusu haya madaftari? Akafikiria kwanza.

"Na habari za jembe utaandika?"

Hapa nacheka hata sahivi. Katikati ya mvua zake kuna kesi. 1991 kaandika: "Mvua ndogo. Jirani kaazima jembe. Kasema siku mbili." Halafu masika yanayofuata: "Mvua zimeanza. Jembe bado." Na yanayofuata tena. Naichapa hiyo kesi toka Februari.

Nikamwambia ukikataa siandiki. Akasema andika, ila majina usitaje, langu wala lake, bado tunasalimiana. Nikauliza sasa baba, jembe lilirudi? Akanyanyuka akachukua kofia. "Wewe chapa tu mwanangu, utafika."

Saa 8 mchana

Umeme umekata. UPS, ile betri ya akiba, inalia pii, pii, nina kama dakika nne za kuzima mashine kwa heshima. Zamani hapa ndo nilikuwa natoa machozi, kwa sababu nilikuwa naandika posti ndani ya brauza, nimefika aya ya mwisho, giza. RedNotebook inajiseivia yenyewe kwahiyo nafunga tu. Wali maharage kwa mama ntilie wa jirani, dogo analala juu ya boksi la rimu.

Jirani yangu muuza vocha huwa ananiuliza faida ya kuandika kitu ambacho huposti ni nini. Sina jibu la maana. Ila 2018 zilipokuja kanuni za maudhui mtandaoni, leseni ya blogu milioni moja kwa mwaka, mimi na kisteshenari changu nikafunga blogu niliyokuwa nimeianza upya, siku hiyohiyo. Na mkono ulikuwa umeshazoea kuandika kila usiku, hauelewi kanuni, ndo nikapata RedNotebook. Zilipolegezwa 2022 kwa sisi tusioandika habari nikarudi, ila nikarudi na tabia nyingine: kila kitu kinaanzia kwenye shajara, na katika kumi, tuseme moja ndo inatoka nje.

Saa 10 na nusu jioni

Umeme umerudi na watu wote wamerudi nao. Cheti kulaminisha, CV mbili, binti anataka barua ya maombi ya kazi "iwe kama ya yule rafiki yangu ila sio sawa".

Saa 3 usiku

Mtoto kalala. Laptopu iko kwenye chaja, bando la usiku nimeshanunua. Kwenye shajara nina alama ya #nje, naiweka pembeni ya kitu chochote kinachoweza kuwa posti. Naisachi, nachagua kimoja, leo ni mzee wa mvua hakuna ubishi.

Posti naandikia Open Live Writer. Ni ule mtambo wa zamani wa Microsoft, Windows Live Writer, wao waliuacha rasmi Januari 2017 lakini watu wa kujitolea walishauchukua mwishoni mwa 2015 wakatoa huu wa bure. Umezeeka, hata sura yake ni ya zamani, lakini unaandika bila intaneti kabisa, unaona posti kama itakavyokaa kwenye blogu, drafti inakaa kwenye mashine yako, ukimaliza unawasha data unabofya kitufe inapanda WordPress unazima data. Kwa mtu wa bando hii ndo habari ya mjini. Wanaonicheka na vitu vipya vyao nawasikia.

Vitu viwili vya kuangalia. Usikopi kutoka Word ukabandika hivihivi, Word inabeba uchafu wake wote wa fonti na rangi posti inakuwa kama tangazo la mganga, tumia Ctrl+Shift+V au pitisha kwanza kwenye Notepad isafishike. Na picha: nimepiga ile kona iliyoliwa na mchwa, simu imetoa picha ya MB 4, nimeipeleka Paint nikaipunguza upana mpaka haifiki KB 200. Atakayesoma naye kanunua bando.

Ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili nimeshaizima. Kuambiwa "jembe" umekosea na mashine, hapana.

Saa 4 na nusu

Posti imebaki aya ya mwisho na siwezi kuimaliza maana sijui jembe limeishia wapi. Daftari la nne liko mezani. Nafunga Live Writer, nafungua shajara ya mzee, naanza kuchapa. 2001, masika: "Jembe bado." 2002 mvua zimechelewa, mahindi yamekauka, ng'ombe kauzwa, "Jembe bado." Najiambia ukurasa mmoja tu nilale, halafu mwingine.

Saa 5 na dakika 50 namaliza Machi 2003 na naacha kuchapa. Naenda kwenye kisanduku cha kusachi naandika jembe. Yanajipanga upande wa kushoto, tarehe na kipande cha maneno, tarehe na kipande cha maneno, kumi na sita. Nabofya la mwisho.

"Mvua kubwa asubuhi. Jembe limerudi. Mpini hamna."