Siku moja maishani mwangu: nafanya vyumba Binz

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nishaamka na chai ya tangawizi ishaingia chupani. Nakaa Bergen, katikati ya kisiwa cha Rügen, kaskazini mwa Ujerumani, mtaa wa Rotensee, kwenye majumba ya zege ya zama za Ujerumani Mashariki. Mtu wa Unguja hayamshangazi. Ni ndugu wa majumba ya Kikwajuni, ambayo Wajerumani hao hao walitusaidia kuyajenga baada ya Mapinduzi ya 1964. Kazi iko Binz, pwani, lakini kupanga huko kwa mshahara wetu hakuwezekani, maana nyumba nyingi zimegeuzwa za wageni wa wiki moja moja.

Nyumbani wakisikia niko hoteli ya Ulaya kando ya bahari hudhani nimekaa mapokezi, nimevaa koti na skafu. Wakijua natandika vitanda, huuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoivukia bahari. Ndiyo, ndiyo hiyo, na si kila mtu anaiweza. Nifuateni siku moja ya Agosti.

Treni hupita Prora. Hapo utawala wa Hitler ulianza kujenga mwaka 1936 kambi ya mapumziko yenye urefu wa karibu kilomita nne na nusu ufuoni, vita vikaja kabla haijalaza mgeni hata mmoja. Wakomunisti wakaweka wanajeshi. Leo sehemu kubwa imeuzwa, ina fleti za likizo zenye roshani za vioo.

Saa moja kamili msimamizi anatugawia karatasi. Nina vyumba kumi na vinne, tisa vya kuondoka, yaani wageni wake wanahama leo. Vya kubaki, ambavyo wageni wake bado wapo, nimevimaliza kufikia saa nne na nusu: vitanda, vyoo, taulo, mchanga. Mchanga wa Baltiki ni laini kama unga, huingia hata ndani ya foronya.

Saa tano ndiyo mwisho wa wageni kutoka. Saa tano na dakika kumi nabisha mlango wa chumba cha ghorofa ya pili, kile kinachotazama bahari. "Bado!" Nikafanya cha jirani, nikarudi. Bado. Ilikaribia saa sita mlango ulipofunguliwa. Mzee wa miaka themanini hivi, kutoka Saxony, jimbo la mashariki mwa Ujerumani, sanduku limeachwa wazi juu ya kitanda, nguo hazijakunjwa, na yeye karudi kukaa roshanini. Hatoki, akasema, mpaka apatikane mtu wa kumsikiliza kuhusu bili yake.

Nikamwambia kwa adabu: bwana, bili ni mambo ya mapokezi, mimi wa chumba. Akajibu kwamba mapokezi wanatabasamu tu, basi nitasikia mimi. Alikuja nyumba hii hii mwaka 1981 na mkewe na watoto wawili. Kiwandani kwake chama cha wafanyakazi kilimpa karatasi ya likizo, na wakakaa karibu wiki mbili, chakula mara tatu kwa siku, kwa marki chache. Leo usiku mmoja unamla zaidi ya likizo ile nzima. Hapo nilimwelewa. Lakini hakuishia hapo. Taulo ni nyepesi. Lifti ina kelele. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, hakikuwa na kitu, akapitisha tena kwa nyuma. Akaniuliza natoka wapi na nani alinifundisha kusafisha. Nikasimama na toroli langu mlangoni, nikijua kila chumba cha kuondoka nimepewa nusu saa, na wageni wapya wanaingia saa tisa, mzee huyu awe ameridhika au hajaridhika.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenyeji tunayefanya naye ghorofa. Aliingia kazini nyumba hii akiwa binti wa miaka kumi na sita, zama hizo hizo za mzee. Akamsalimu, akamuuliza alipewa mwezi gani. Agosti. "Basi ulibahatika. Wengine walipewa Novemba, na Novemba walikuja. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, unakumbuka?" Mzee akakumbuka. "Na ile haikuwa bei ya chumba, bwana. Ulilipa kipande, kingine kikalipwa na chama na serikali. Na mwenye nyumba alikuwa kanyang'anywa zamani."

Haya si maneno ya kumkomoa mzee. Februari 1953 polisi wa Ujerumani Mashariki waliingia hoteli za pwani hii moja baada ya nyingine, katika operesheni iliyoitwa Aktion Rose. Kahawa ya Ujerumani Magharibi ikikutwa stoo, hilo lilitosha kuwa kosa la uhujumu. Wenye hoteli walifungwa au wakakimbilia Magharibi, na nyumba nyingi zikaishia mikononi mwa FDGB, shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Mzee alifunga sanduku. Taratibu. Akaondoka bila kuaga, na mimi nikabaki na deni la saa nzima.

Kuanzia hapo sitazami saa tena. Shuka, foronya, mfarishi, beseni, kioo, sakafu, chumba kinachofuata. Mgongo unauma chini ya mbavu, upande wa kulia, mahali pale pale kila siku. Familia imekuja mapema, watoto wamekalia mabegi ukumbini wakinitazama. Mama yule kamaliza vyake, kaja kunisaidia, na tukivuta shuka yeye huku mimi kule ananisimulia mwaka 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Tarehe 1 Julai marki ya Magharibi ikaingia, na watu waliofungiwa mipaka miaka yote wakaenda kuiona Hispania na Italia. Nani angekuja Binz? Septemba FDGB ikavunjwa. Yeye akapoteza kazi, chekechea ya kazini ikafungwa, na nyumba ikakaa gizani warithi wakidai haki yao. Walirudishiwa, hawakuwa na fedha za kuitengeneza, wakamuuzia tajiri wa Magharibi. Ilipofunguliwa tena imepakwa rangi nyeupe, aliomba kazi kama mgeni, na akaanza upya kwa mkataba wa msimu. Vijana wa hapa walishahama. Ndiyo maana ghorofa zetu leo zina Wapolandi, Waromania, na mimi.

Wageni hupiga picha roshani za mbao nyeupe za hoteli hizi, na ni kweli zinapendeza. Mimi huangalia kona za shuka zangu. Zinakaa sawa hata baada ya mtu kuzilalia, na mzee wa Saxony kidole chake kilirudi safi.

Chumba cha mwisho nilikifunga saa tisa na nusu. Kazi yangu kwa karatasi iliisha saa tisa, na ile nusu saa haitaonekana kwenye malipo.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mama yule alinipa fomu ya NGG, chama cha wafanyakazi wa vyakula na hoteli. Zamani, akasema, chama kilimiliki hoteli, na leo katika ghorofa yetu mwanachama ni yeye peke yake. Nimeijaza kwenye treni. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Oktoba, na kabla haujaisha nataka twende kwa msimamizi pamoja, tuulize kuhusu hizi nusu saa.