Mama karanga na simu ya meza kuu

Mwaka 2019 kulikuwa na kikao cha maoni ya wananchi kuhusu Mswada wa Fedha wa kaunti, ule unaopanga ushuru na ada, ukumbi mmoja pale Likoni, Mombasa, si mbali na feri, na kazi yangu mimi ilikuwa kubeba maiki. Vijana wa mtaa tuliombwa tusaidie, mwengine mlangoni na rejista, mwengine apange viti, mimi nikapewa maiki ya waya mrefu nizunguke nayo. Ni kazi ambayo watu hawaioni, lakini ukiwa na maiki mkononi unajua haraka nani anaheshimiwa na nani havumiliwi, maanake kila mkono ukiinuka unaskia huku nyuma "mpe yule", "huyo usimpe, ataharibu kikao".

Mwenyekiti alikuwa mwakilishi wadi mmoja, mama wa makamo, sauti yake ya taratibu lakini haitetemeki. Kabla ya kuanza alibandika karatasi ya manila ukutani imeandikwa kwa kalamu nyekundu: dakika tatu kila mtu, anayesema asikatizwe, hakuna matusi, simu zizimwe. Akaisoma kwa sauti, akauliza kama tumekubaliana, ukumbi mzima ukaitikia.

Kwenye bunge lenyewe la kaunti mambo yana utaratibu wake wa zamani. Siwa, ile fimbo ya mamlaka ya bunge, ikiingia watu wanasimama, mheshimiwa anamwelekea Spika si mwenzake, akitukana anaambiwa aondoe maneno yake, akikaidi anatolewa nje, na sisi raia tukienda tunakaa kule roshani kimya, hata makofi hakuna. Sawa, pale ni kwenye kazi yao. Lakini kikao cha maoni ni kitu chengine, Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi, kwa hivyo pale ukumbini mwananchi ndiye aliyeitwa aseme, na mimi naamini kabisa kwamba adabu inayotakiwa kwake lazima itakiwe pia kwa waliokaa meza kuu.

Basi ikafika zamu ya mama karanga mmoja, hawa wanaokaanga samaki jioni pale barabarani. Amejifunga leso, beseni lake amelisukuma chini ya kiti, mafuta yamemrukia mikononi mpaka kumebaki madoa madoa. Nikampa maiki, akasalimia, akaanza, "Mheshimiwa, mimi nalipa ushuru kila siku, samaki wawepo wasiwepo, na miezi hii ya kusi..." na hapo hapo bwana mmoja wa meza kuu, afisa aliyekuja kuueleza mswada, simu yake ikalia akapokea. Hakutoka nje. Akajigeuza tu kidogo na kiti, akaendelea kuongea, tena kwa sauti.

Mama akanyamaza. Maiki ameishika vile vile, mimi niko pembeni yake na waya. Mwenyekiti akamwambia endelea mama, dakika zinaenda, na yeye akajibu kwa upole kabisa, "Nangoja babangu pale amalize, mheshimiwa. Karatasi imesema asikatizwe."

Ukumbi ukalipuka. Wengine wanapiga makofi, wengine wanapiga kelele, kijana mmoja wa bodaboda akasimama akaanza kumtukana yule afisa matusi ya nguoni mbele ya wazee na kina mama, na askari wa mlangoni naye akaja moja kwa moja, si kwa yule kijana, kwa mama! Ati analeta fujo, atoke. Hilo ndilo lililoniuma na linaniuma mpaka leo, mtu aliyefuata kanuni kuliko sote ndiye aliyeshikwa mkono kwanza.

Mwenyekiti akasimama. Akamwambia askari, "Muache, rudi mlangoni." Akamgeukia kijana wa boda, akamwambia, "Mwanangu, hasira lete, tusi rudi nalo nyumbani. Omba radhi kwa hawa mama zako ndio ukae." Kijana akaomba radhi, akakaa. Halafu mwenyekiti akamgeukia afisa, na hapa ukumbi ulitulia mpaka feni za juu zikaskika, akamwambia kama simu ni ya dharura atoke nje azungumze, kama si ya dharura aizime, na amwombe radhi mama. Afisa alizima simu. Akasema samahani mama, mbele ya watu wote, na mimi simvunjii heshima, aliisema vizuri na baada ya hapo alikuwa anaandika kila kitu.

"Mama, dakika tatu zako zinaanza upya," mwenyekiti akasema.

Na mama akasema maneno ya maana sana. Kwamba kusi likivuma bahari inachafuka, madau madogo hayatoki, samaki wanaopatikana ni wachache na bei juu, sasa mtu wa ushuru anakuja anakukuta na jiko halijawashwa na bado anataka pesa. Pendekezo lake, ushuru utozwe siku ambayo mtu amefanya biashara. Watu wengi walioinua mikono baada yake walijenga hapo hapo, mpaka wauza mboga, na hakuna aliyepiga kelele tena, hata wale waliopinga walipinga kwa hoja.

Kikao kilipoisha mama alinijia, "Mwanangu, niliyosema yameandikwa wapi?" Nikampeleka kwa karani. Karani akatusomea: "Wauza samaki hawataki ushuru." Mama akatikisa kichwa. "Sikusema hivyo. Nimesema tulipe siku ya biashara." Karani akakata ule mstari, akaandika upya akisoma neno kwa neno, mama akataka jina lake liwekwe pembeni pamoja na wadi yake, likawekwa.