Arubaini ya Baba

Arubaini ya baba nusura ivunjwe na kaka yangu, mtoto ambaye baba alijivunia kuliko sisi wote. Ilikuwa 2006, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na mama alikuwa bado ndani ya eda.

Inabidi kwanza nimweleze baba. Alikuwa karani bandarini, Mshafii wa kuzaliwa na muridi wa Kadiria, tarika ya Kisufi ambayo huku pwani haitajwi bila kumtaja Sheikh Uways wa Barawa, aliyeieneza. Usiku wa kuamkia Ijumaa humkuti nyumbani. Yuko zawiyani kwenye zikiri, na akirudi kanzu imelowa jasho mgongoni kama aliyetoka kushusha magunia. Barzanji, kile kitabu cha maulidi, alikuwa nayo yote kichwani. Kaka alipopata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, baba alishonesha kanzu mpya. Si ya kaka, yake yeye, ya kukalia barazani kupokea hongera. "Mwanangu anaswali msikiti wa Mtume," alimwambia kila aliyekuja kunywa kahawa, na wengine aliwaambia zaidi ya mara moja.

Likizo ya kwanza kaka alirudi na ndevu na maswali. Juu ya mlango wa mbele palikuwa na hirizi iliyoshonewa ngozi, ya tangu babu. Kaka akauliza hii ya nini. Baba akavuta kigoda, akaitungua mwenyewe, akaitia mfukoni. "Huyu kasoma," alisema, basi. Lakini zawiyani hakuacha kwenda. Alfajiri waliswali pamoja, baba mbele. Rakaa ya pili baba akiinua mikono kwa dua ya kunuti, kaka nyuma yake mikono kaishusha, kimya, anamngoja amalize. Sikuwahi kuwasikia wakigombana. Ugomvi ulikuja baba alipokwishaondoka.

Arubaini ilipokaribia, ami alikuja kupanga mambo: mchele, mbuzi, masufuria ya kukodi, sanduku la juzuu za Kurani la kuazima msikitini. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Ami, hitima, huku kumsomea maiti Kurani, haipo. Mtume hakufanya, maswahaba hawakufanya."

Ami alicheka, akidhani mzaha. Alipoona mwenzake hacheki, alivua miwani. "Babu yako alisomewa. Babake babu yako alisomewa. Hao wote wamepotea, umeongoka wewe uliyepanda ndege?"

Kaka hakupandisha sauti. Alimkumbusha habari ya Jaafar bin Abi Twalib, alipouawa vitani Muta: Mtume aliamuru watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. "Sasa sisi wafiwa ndio tunaopika, Ami. Na mchele wenyewe wa kukopa." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la vitunguu, na hapo alinigusa, maana daftari la dukani nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Jina la mama lilikuwa limeshajaza ukurasa.

Ami naye si mtu wa kushindwa barazani. "Aliyeitunga hiyo Barzanji alikuwa nani? Si mufti wa Madina? Madina hiyo hiyo unayotuletea!" Ni kweli, Sayyid Jaafar al-Barzanji alikuwa mufti wa Mashafii katika mji ule, karne ya 18. Kaka akajibu kuwa mufti naye ni binadamu. Hapo zogo likapanda, majirani wakaanza kupita dirishani kwetu kwenda dukani na kurudi bila kununua kitu. (Sheikh Uways mwenyewe aliuawa 1909 na wafuasi wa Salihiya, tarika nyingine. Ami hakuligusa hilo, na kaka nadhani alilijua akalinyamazia.)

Mama ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa chumbani nyuma ya pazia, hatukumwona, tuliisikia sauti tu. "Marehemu aliniambia asomewe. Na huyu mtoto, marehemu ndiye aliyempeleka akasome. Mnataka nimkatae yupi? Anayetaka kusoma asome. Asiyetaka asininunie ndani ya nyumba, akae mlangoni apokee wageni."

Kaka alitii neno kwa neno. Siku yenyewe alisimama mlangoni tangu adhuhuri, akipanga viatu, akinawisha watu mikono kwa birika na beseni, akiwaita wazee wote kwa majina ya watoto wao. Ndani udi ulifuka, kila mtu na juzuu yake, wanasoma kwa pamoja mpaka usisikie neno moja moja ila mvumo. Hitima ikafungwa, ikaingia Barzanji. Ilipofika mahali pa kiyamu watu wote wakasimama kumsalia Mtume, na sisi wanawake uani tukasimama na miko mikononi. Kaka, aliyekuwa kwa miguu mchana kutwa, ndipo alipokaa. Alikaa kwenye jiwe la baraza, akatazama barabarani.

Shangazi alimwona dirishani. "Kaacha dini ya babake," alininong'oneza. Sikumjibu, lakini sikukubali, na hadi leo sikubali. Ukumbini mle walikuwemo binamu zetu ambao msikiti wanaujua kwa Idi na misiba, wameinua sauti kuliko wote. Kaka ndiye aliyebaki kuamka alfajiri katika nyumba ile, akaswali pale pale alipokuwa akiswali baba, kwenye mkeka ule ule.

Pilau hakuionja. Wageni walipotawanyika alirudisha masufuria kwa mkokoteni, kisha akapita dukani, na tangu siku ile ukurasa wa mama haukuwa na deni. Ami alijua, hakusema kitu.

Asubuhi ami alipita kumjulia hali mama, akamkuta kaka jikoni na sahani ya kiporo, ukoko juu.

"Kumbe ikilala inahalalika?" ami akauliza.

"Shikamoo, Ami. Hii kanipa mama." Akasogea kwenye mkeka. "Karibu."

Ami akanawa.